Mwezi wa Mwaka Jana

Mama Nasma hakuvua hata viatu. Alisimama pale pale kwenye ngazi ya baraza, akaikung'uta kanzu nyeupe mbele ya watu, akaitandaza juu ya cherehani kama mtu anayeanika muhogo.

"Mzee Uweso, shikamoo. Hebu nitazamie hii kaba."

"Marahaba, mwanangu. Ina nini?"

"Ina nini? Imepinda! Mume wangu kaijaribu, shingo iko huku, kifua kiko kule. Anasema akienda nayo kuswali Idi watu watadhani kagongwa na bodaboda njiani."

Wateja wawili waliokaa mkekani wakacheka. Mmoja alijitahidi kuwa na adabu, akaziba mdomo kwa kofia yake. Ilikuwa Ramadhani ishirini na saba, saa tisa alasiri, midomo imekauka, na Makorora nzima ilikuwa inadai kanzu zake. Mzee Uweso akaivuta ile kanzu karibu na uso. Karibu mno, kama anainusa. Akaipapasa kwa kidole gumba kutoka begani hadi kifungo cha juu, na kidole kikamwambia kile ambacho macho yalishindwa kumwambia: tarizi imekwenda mrama, tena si kidogo.

Akafungua mdomo bila kujua atasema nini.

"Hiyo nimeshona mimi," sauti ikatoka mlangoni. Alikuwa Najat, binti yake, mtandio begani, mikono ina unga wa kaimati. "Usimlaumu baba, Mama Nasma. Nilimwomba anipe nijaribu mkono. Iache, kesho asubuhi utaikuta imenyooka."

"Wewe? Msomi mzima, na digrii yako ya nyota, unaharibu kanzu za watu?"

"Nyota hazivai kanzu, ndiyo maana sijazoea."

Hapo Mama Nasma mwenyewe akashindwa, akacheka, akaondoka akisema watoto wa siku hizi wana midomo. Wateja nao wakapangiwa siku za kuja kuchukua kanzu zao, wakaenda. Baraza likabaki na baba na binti, na ile kanzu katikati yao.

Uongo ule ulikuwa mtupu. Najat hakuigusa ile kanzu hata kwa ncha ya kidole. Mzee Uweso alijua hivyo, na alijua kwamba Najat anajua sababu. Tangu binti arudi kutoka Namibia, mwezi mmoja na siku kadhaa nyuma, kila alfajiri mzee alikuta sindano kumi zimeshatiwa uzi, nyeupe tano, za rangi ya maziwa tano, zimechomekwa kwenye kipande cha sponji kando ya cherehani. Hakuna aliyeomba. Hakuna aliyeshukuru. Sindano zilikuwepo tu, kama umande.

Sasa, fundi kupungukiwa macho si jambo geni, mafundi wote wa Tanga huishia na miwani puani. Lakini huyu hakuwa fundi tu. Msikiti wa mtaa wao una desturi ya kuutafuta mwezi wenyewe, na kwa miaka ishirini na mbili shahidi wao mkuu alikuwa Mzee Uweso. Ikifika siku ya ishirini na tisa, wanaume hupanda juu ya ghorofa moja lisilomalizika kule Nguvumali, kwa sababu bahari ya Tanga iko mashariki na mwezi mchanga huandama magharibi, upande wa milima. Wengine hutazama wakabishana. Yeye hutazama mara moja akasema, "Ule pale," na kweli uko pale. Watu walikuwa na msemo: jicho la Uweso halirudi mikono mitupu. Mtu akishapewa sifa kama hiyo, jamani, kuirudisha ni kazi.

*

Futari ilipokwisha kuliwa, Bi Saleha, mkewe, alikusanya vyombo kwa kelele kuliko kawaida. Hiyo ilikuwa dalili.

"Baba Najat. Huyu mtoto anangoja jibu."

"Jibu gani?"

"Ebo! La barua. Wale watu wa darubini wanataka kujua kabla ya Jumapili, anakwenda au haendi. Leo Jumanne."

Mzee Uweso akajifanya anatafuta kijiti cha kuchokolea meno. Najat alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Haya nieleze tena," mzee akasema. "Kazi yenyewe hasa ni nini?"

Ilikuwa kama kufungulia bomba. "Baba, ni mwendeshaji wa darubini! Si ile ya kushika mkononi, hapana, hii ina jengo lake, paa la mviringo. Jua likizama tunalifungua paa, linaachana katikati taratibu, linaunguruma, mpaka unaona anga. Kioo chake ukikilaza hapa, mkeka wote huu haukifuniki. Wanasayansi wanaleta orodha: tunataka nyota hii, tunataka ile. Miye ndiye ninayeielekeza. Naangalia upepo, naangalia unyevu, vumbi likija nafunga haraka kioo kisichafuke. Na kila robo saa naandika kwenye daftari la zamu. Ile miezi sita nilikuwa najifunza, sasa wananitaka kabisa, baba. Miaka mitatu!"

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alfajiri. Halafu tunalala mchana."

"Popo," Bi Saleha akasema, lakini kwa mapenzi. "Nimezaa popo. Juzi mke wa Sele, jirani, kaja na chupa ya marashi, eti mwanangu amsafishie nyota yake aolewe tena mumewe akifa. Nikamwambia, dada, huyu wangu anaziangalia tu, hazioshi."

Najat akacheka. Baba yake hakucheka.

"Wanaume wangapi huko?"

"Wanne. Na wanawake watatu. Mkubwa wangu wa zamu ni mwanamke, dada Blessing, ana watoto wawili, anaishi nao hapo hapo kituoni."

"Hapana."

"Hapana nini, baba?"

"Mwanamke kukesha jangwani, hapana. Utapata kazi ya kufundisha hapa Tanga."

Bi Saleha akaweka sufuria chini. "Weye! Umemsomesha fizikia kwa kanzu za watu. Umemwacha kapanda ndege, kakaa miezi sita, na barazani ukawa unatamba, 'binti yangu yuko na darubini.' Leo darubini imekuwa haramu? Sema sababu."

"Nimeshasema."

"Hujasema kitu, umekohoa tu."

Najat akainua mkono kumtuliza mama yake. "Bila radhi yako siendi, baba. Hilo unalijua. Ila nipe sababu niielewe."

Sababu zilikuwa kumi, zenye uzi, kwenye kipande cha sponji. Mzee Uweso aliziona akilini wazi kuliko alivyouona uso wa binti yake, uliokuwa kwake duara la kahawia lenye ukungu chini ya taa. Huyu akiondoka, nani atazitia uzi gizani, kimya kimya, asimwambie mtu? Mkewe? Saleha ana moyo mwema lakini mdomo wake hauna komeo. Kwa wiki moja mtaa wote ungejua, na baada ya mtaa, msikiti.

"Nakwenda tarawehe," akasema, akainuka, na kizingitini akakwaa kandambili zake mwenyewe.

*

Jumatano baada ya swala ya alfajiri alimkuta Najat barazani na sindano zake. Mzee akakaa kwenye stuli ya cherehani. Akasafisha koo.

"Hivi, kwa hesabu zenu, kesho mwezi utaandama?"

Binti hakuona mtego, na pengine baba mwenyewe alikuwa bado hajajua kwamba ni mtego. Najat akaruka kama aliyeulizwa habari za harusi. "Utaandama, baba, tena vizuri! Nimeshauangalia. Lete mkono." Akaushika mkono wa mzee, akaunyoosha mbele, akavilaza vidole vyake vinne pamoja. "Kidole cha chini kiguse mlima. Jua likishazama, mwezi utakuwa hapa, juu ya kidole cha juu. Kushoto kidogo ya pale jua lilipozamia. Pembe zake zinatazama juu, kama bakuli. Utakaa kama nusu saa hivi, nao uzame."

"Vidole vinne," mzee akasema.

"Vinne."

"Kushoto. Pembe juu. Nusu saa."

Najat akamtazama usoni. Mkono wake ukalegea taratibu, ukauachia wa baba yake.

"Baba, unakariri."

Mzee akageukia cherehani yake.

"Nimevaa nini leo?"

"Gauni."

"La rangi gani?"

Muuza maji alipita na mkokoteni, magudulia yakigongana. Mpaka sauti ilipopotelea kwenye kona, rangi ya gauni ilikuwa haijasemwa.

"Mwezi utakuwepo," Mzee Uweso akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Umesema mwenyewe. Nitakachokisema kitakuwa kweli. Sheikh Rahimu anaulizaga hayo hayo: kimo gani, upande gani, pembe zimeelekea wapi. Nitajibu, basi. Hakuna atakayedhulumiwa." Akavuta pumzi. "Na wewe barua yako ijibu. Radhi nimekupa."

Hivyo tu. Neno alilolingoja wiki nzima, limewekwa mezani kama mabaki ya kitambaa. Najat alihisi furaha ikimpanda, na papo hapo ikamgeukia ikawa kitu kingine. Akaichoma sindano kwenye sponji, akaichomoa, akaichoma tena.

"Baba, kule wiki yangu ya pili tulipata mawingu siku tisa mfululizo. Kila robo saa naandika, 'Mawingu, hatuoni.' Usiku kucha! Nikachoka, nikamwambia dada Blessing: nyota tunajua ipo na mahali pake tunapajua, si tuandike tu tukalale? Akaniambia, 'Kuwepo ipo. Kuiona hatukuiona. Hayo ni mambo mawili, na sisi tunalipwa kwa hilo la pili.'"

"Hizo ni nyota za Wazungu. Huu ni mwezi wa Idi."

"Ndiyo maana ni mkubwa zaidi."

"Usinifundishe dini!" Mzee akapandisha sauti. "Jana tu umesimama hapa ukamdanganya Mama Nasma, mchana wa Ramadhani!"

"Nilidanganya. Nimekesha naijutia ile kanzu." Machozi yalimlengalenga lakini sauti ilikaa sawa. "Kesho ukisema umeuona, sitasema kitu. Wewe ni baba yangu. Ila radhi ya namna hiyo siitaki."

Akamaliza sindano ya kumi, akaingia ndani.

Mzee Uweso akabaki na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na jambo ambalo hata mkewe hakulijua. Mwaka jana, juu ya ghorofa lile lile, mtu alipiga kelele "Ule pale!" na vichwa vyote vikamgeukia yeye. Yeye aliona ukungu mwekundu na basi. Sele, jirani yake, akawa ameshasema ameuona. Sheikh akauliza, Mzee Uweso, na wewe? Na mdomo wake, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukajibu wenyewe: nimeuona. Watu mia mbili na zaidi waliswali Idi kesho yake kwa neno lile. Baadaye zikaja habari kwamba miji mingine hakuna aliyeona kitu. Nani atamshuku? Jicho la Uweso! Lakini pilau la Idi ile alilitafuna kama anatafuna mchanga, na tangu siku hiyo alikuwa na swali moja ambalo hakumpata wa kumwuliza waziwazi.

*

Alhamisi magharibi inakaribia, ngazi za ghorofa la Nguvumali hazina pa kushika. Mzee Uweso alizihesabu kwa miguu, kumi na nne, kona, kumi na nne, na juu akakuta sauti: Sheikh Rahimu, Sele, vijana na simu zao, na Msafiri wa bodaboda aliyekuja na kofia ya pikipiki kichwani.

"Msafiri, na wewe umekuja kutafuta mwezi?" Sele akamchokoza. "Wewe si ndiye uliyemsubirisha abiria akashuka, ukaenda peke yako mpaka Pongwe unamsimulia hadithi ukidhani bado yuko nyuma?"

"Alikuwa mwepesi yule mama!"

Wakacheka mpaka sheikh akawakoholea. Jua likagusa milima, likazama. Moshi wa majiko ya futari ulikuwa umetanda chini, na upande wa magharibi anga ilikuwa na vumbi. Dakika zikapita. Watu wakakunja macho, wakanyanyua viganja.

"Ule pale!" akasema Msafiri.

"Wapi?"

"Pale! Jamani, pale!"

"Tulia," Sheikh Rahimu akasema. "Jua lilizamia wapi, na huo mwezi uko upande gani wake?"

"Kushoto, sheikh. Kidogo tu."

"Kimo?"

Msafiri akanyoosha mkono, akavikunja na kuvikunjua vidole akikadiria. "Kama vidole vinne juu ya mlima. Vinne kasoro."

"Pembe?"

"Zinatazama juu. Kama mtu anayecheka."

Mzee Uweso akageuza uso kwenye ile sauti. Neno kwa neno, binti yake jana barazani. Basi mwezi ulikuwa pale, juu ya mji, mbele ya uso wake.

Wengine walitazama mpaka machozi yakawatoka, wakasema vumbi, wakasema labda. Sele akasema yeye leo hajaona. Sheikh Rahimu akageuka. "Kwa Idi nataka mashahidi wawili. Mzee Uweso?"

Chini barabarani honi ililia mara moja. Mzee alikuwa na jibu mfukoni, limekunjwa vizuri kama kanzu iliyopigwa pasi. Neno moja tu, na lilikuwa kweli, na watu wangekula sikukuu kwa haki. Alinyoosha mkono wake, vidole vinne pamoja, na wote waliomwona wakajua sasa anakuja na lile "ule pale" lake. Juu ya kidole cha juu kulikuwa na ukungu mwekundu. Ule ule.

"Siuoni," akasema.

"Tazama tena, mzee," Msafiri akamsihi. "Bado upo."

"Najua upo. Lakini siuoni." Akaushusha mkono. "Macho yangu yameingia mtoto wa jicho. Wewe Sheikh Rahimu hapo nakutambua kwa sauti. Msimwache Msafiri kwa sababu yangu. Kijana kasema sawasawa."

"Tangu lini, Mzee Uweso?" sheikh akauliza polepole.

Hapa angeweza kusema tangu mfungo mosi, mara baada ya Idi ile, au tangu Rajabu, juzi juzi tu.

"Tangu kabla ya mwaka jana."

Ungesikia watu wanavyohesabu vichwani mwao. Mtu mmoja nyuma akaguna. Sele akasema, "Kwa hiyo ule wa mwaka jana..." na hakumaliza, maana hesabu ile ilimgusa na yeye. Sheikh Rahimu akakata, "Leo tunatafuta wa leo," lakini alisogea hatua moja kando; Mzee Uweso akarudi nyuma, na nafasi ya mbele anayosimama siku zote ikawa wazi, na hakuna aliyemwambia arudi.

Kabla giza halijashika vizuri simu ya sheikh ikalia. Ilikuwa kutoka Moa, mwalimu wa madrasa anayemwamini. Ameuona yeye na wanawe wawili, kushoto, pembe juu. Takbira zikaanza pale pale juu ya ghorofa. Vijana wakashuka wakikimbia kuwahi saluni na maduka. Mzee Uweso akatafuta ukingo wa ngazi kwa mguu, akakosa, akarudisha mguu.

"Hapa, mzee," Msafiri akasema, akampa bega. Mpaka chini hakusimulia hadithi yoyote.

*

Habari za Makorora hazipandi bodaboda, zinatangulia. Alipofika nyumbani wateja watatu walikuwa wameshakuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja alichukua hata kile kilichokatwa tayari, akasema ataangalia fundi mwingine, "si kwa ubaya, mzee." Bi Saleha alikuwa kasimama katikati ya baraza, mikono kiunoni, kwa mara ya kwanza maishani hana la kusema.

Kanzu sita zilibaki. Walizishona wote watatu mpaka usiku ukaenda: mzee akiongoza kwa vidole, Saleha akipiga vifungo, Najat kwenye cherehani akipindisha kaba kikweli kweli safari hii, na baba yake akimfumulisha. "Toa. Rudia. Toa. Jamani, na kile kioo chao unakielekeza hivi?" Hakuna aliyetaja ghorofa.

Asubuhi, baada ya swala ya Idi, Mzee Uweso hakukaa barazani kupokea watu. Alikaa chumbani, akamwita Najat, akamwambia alete kompyuta yake.

"Hesabu zenu zinaweza kurudi nyuma?"

"Zinarudi hata miaka elfu."

"Mwaka mmoja unatosha." Akaiweka mikono juu ya magoti. "Mwaka jana. Siku ile niliposema nimeuona. Ulikuwepo?"

Bi Saleha aliyekuwa anapita na sinia la visheti akasimama. Najat akamtazama mama yake, akamtazama baba. Vidole vyake vikagonga, vikasimama, vikagonga. Aliangalia mara mbili, kisha mara ya tatu, kama anayetumaini kioo kitabadili mawazo.

"Haukuwepo, baba. Ulitangulia kuzama kabla ya jua. Siku ile hakuna ambaye angeweza kuuona."

"Wewe mtoto!" Bi Saleha akapaza sauti. "Huna haya? Siku ya Idi, baba yako hajanywa hata chai, unamwambia maneno hayo? Si ungesema labda?"

"Mwache," mzee akasema. "Nimeuliza."

Mzee aliinamisha kichwa. Hakulia, wala hakuomba arudiwe. Kisha akapapasa mpaka akalipata bega la binti yake.

"Mwaka mzima nimewauliza watu kwa mafumbo. Sheikh, Sele, hata mama yako hapa. Kila mtu ananipa labda. Labda ilikuwa hivi, labda Mungu atapokea." Akalifinya lile bega. "Ijibu barua yako, mwanangu. Sasa nakupa, na hii haina masharti. Kama kazi yenu ndiyo hii, nenda kaifanye."

"Na hapa?" Najat alikuwa analia waziwazi. "Sindano je?"

"Nilikuwa nakuzuia kwa siri yangu, na siri haipo tena. Makorora nzima inajua sioni. Anayetaka kanzu atanitilia uzi kabla sijampima."

"Na hospitali utakwenda," Bi Saleha akadakia, mdomo umesharudi kazini. "Yale macho yanatolewa huo utando siku hizi, mchana mmoja tu. Usinitolee jicho hilo, kwanza huoni unamtolea nani."

Barua ilijibiwa saa tano na dakika kumi, Bi Saleha akiwa amesimama nyuma akiuliza kwa nini Kiingereza chake ni kifupi hivyo.

Jioni ile Mzee Uweso alikwenda kwa Sheikh Rahimu na Msafiri akamsindikiza. Akasema aliyoyasema. Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia waliofuata neno la shahidi hawana lawama. "Lakini wewe siku yako ya kulipa unaijua," akasema. Akaongeza kwamba mwezi ujao, mbele atasimama Msafiri. Mzee akaitikia, ndivyo.

*

Idi pili watu hutembeleana na sahani zimefunikwa. Kila aliyepanda lile baraza alimkuta Mzee Uweso amekaa kwenye stuli, kanzu safi, mdomo mkavu.

"Mzee, karibu bokoboko."

"Ahsante, nimefunga."

"Umefunga? Idi hii? Umefunga nini?"

"Siku ya thelathini ya mwaka jana, tuliyoila. Nilisema nimeuona mwezi, na sikuuona." Na akamweleza, mmoja mmoja, bila kufupisha. Mama Nasma alishika mdomo. Mke wa Sele aliondoka na sahani yake mbio, na jioni ilisikika kwamba nyumba ile kuna mtu kaulizwa maswali. Wengine walikasirika, baba mmoja alisema wazi kwamba mzee kamlisha mchana wa Ramadhani yeye na watoto wake, na Mzee Uweso akamwambia, kweli, nimekulisha. Hilo lilikuwa gumu kuliko njaa. Msafiri alikuja na sambusa mbili mkononi, ya tatu mdomoni. Aliposikia akaacha kutafuna.

"Sasa mzee, miye nimeshameza."

"Meza tu, wewe huna deni."

"Nitafunga kesho," Msafiri akasema, akaitazama ile sambusa kwa huzuni. "Leo niko katikati."

Jua lilipoanza kushuka Najat alitandika mkeka, akaweka maji na sahani ya tende, akakaa ubavuni mwa baba yake. Alikuwa na tiketi ya siku kumi na tisa mbele. Hawakuizungumzia. Mzee aliokota tende moja, akaishika. Mahali fulani upande wa sokoni kipaza sauti kikakwaruza, na adhana ikaanza.

Mzee Uweso akaipeleka tende mdomoni, ikasimama kabla haijafika. Akageuza uso kule anakojua binti yake alipo.

"Tayari?"

Najat akatazama magharibi, kisha saa yake, kisha magharibi tena. "Bado, baba. Huyo kawahi dakika moja."

Mzee akairudisha tende sahanini, akakunja mikono, akangoja.